Mlango Kabla ya Kufuli: Uhakiki wa Udhibiti wa Usalama katika Uongezaji wa Vipengele vya Kiini cha Linux kwa Kurejelea Mfano wa Kiwengwa, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna udhibiti wa usalama unavyozingatiwa, au unavyoachwa nyuma, pale kipengele kipya kinapoongezwa kwenye kiini cha mfumo endeshi. Uhakiki umejikita katika matukio matatu ya kiini cha Linux: kuingia kwa io_uring mwaka 2019, kuongezwa kwa amri za moja kwa moja za vifaa ndani ya io_uring mwaka 2022, na ruhusa ya watumiaji wa kawaida kujiundia nafasi-jina, iliyoanza mwaka 2013. Mpangilio wa ulinzi wa hoteli za ufukweni katika kijiji cha Kiwengwa, Unguja, umetumika kama kielelezo cha uchambuzi. Makala yanadai kwamba udhibiti uliochelewa haubaki udhibiti uleule. Unapofika, huwakuta watu tayari wanaitumia njia iliyo wazi, na hivyo hulazimika kuwa mlegevu, au kuifunga njia yote, au kuwaumiza waliokwisha kuizoea. Mwishoni makala yanapendekeza maswali matano ambayo kipengele kipya kinapaswa kuyajibu kabla ya kupokelewa.

1.0 Utangulizi

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa baina ya mashine na programu nyingine zote. Hakuna programu inayosoma faili, inayotuma ujumbe au inayowasha kamera bila kukiomba kiini kifanye kazi hiyo kwa niaba yake. Simu nyingi zinazotumika Unguja ni za Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli wa Kiwengwa anayepokea ujira wake kwa simu, na mwanamke anayelima mwani anayelipwa na mnunuzi kwa njia hiyohiyo, wote wawili wanategemea kiini ambacho jina lake pengine hawajapata kulisikia.

Taaluma ya Kiswahili imewahi kuugusa ulimwengu huu, lakini kwa upande wake wa juu. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi lililoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta pale mtumiaji anapoziona, yaani kwenye menyu na madirisha. Makala haya yanashuka chini ya madirisha hayo, mahali ambapo uamuzi hufanywa kuhusu nani aruhusiwe kufanya nini.

Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, udhibiti wa usalama unaoongezwa baada ya kipengele kupokelewa una tofauti gani na ule unaokuja pamoja nacho? Jibu lililozoeleka ni kwamba tofauti ni ya muda na gharama tu. Kazi itakuwa ngumu zaidi, lakini itafanyika. Methali ya Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ndani yake mna faraja iliyojificha: ukuta, ingawa ni ghali, bado unaweza kujengwa. Uhakiki huu unaonyesha kwamba katika kiini cha mfumo endeshi faraja hiyo haina hakika.

2.0 Mkabala wa uhakiki: geti, chumba na ufukwe

Kiwengwa ipo katika pwani ya mashariki ya Unguja, Mkoa wa Kaskazini. Hoteli zake kubwa zimepangwa kwa mstari, nyuma yake barabara na mbele yake bahari. Mpangilio huo unazaa aina mbili za ulinzi. Upande wa barabara kuna geti. Mlinzi humsimamisha anayeingia, humuuliza jina na shida yake, na huandika katika daftari. Upande wa ndani, kila chumba kina mlango wake na kufuli lake. Aliyepita getini hajapewa vyumba vyote; amepewa uwanja tu.

Upande wa tatu ni ufukwe, na hapo hali ni nyingine kabisa. Ufukwe ni njia ya watu. Maji yanapopwa, bahari hurudi nyuma mbali kuelekea mwambani, na eneo lililokuwa maji huwa ardhi ya kukanyagika. Wanawake huenda kwenye mashamba ya mwani, wengine huchokoa pweza, watoto hukatisha kwenda kwa jamaa zao, na papasi hutafuta wateja. Maji yanapojaa, njia hiyo hubana na pengine kutoweka. Ulinzi uliopangwa kwa kuutazama ufukwe wakati wa maji kujaa hautatosha saa sita baadaye, ingawa hakuna aliyebomoa uzio wala kuvunja kufuli.

Kiini cha Linux nacho kina sehemu zinazolingana na hizo. Geti ni mpaka wa miito ya mfumo, yaani mahali ambapo programu huvuka kuingia katika kiini ili kuomba huduma. Mlinzi wa geti ni seccomp, kichujio kinachoweza kukataa mwito kwa kuangalia namba yake na hoja zake. Daftari la geti ni mfumo wa ukaguzi, unaoandika nani aliomba nini. Makufuli ya vyumba ni kulabu za usalama zilizopandikizwa ndani zaidi, mahali ambapo faili inafunguliwa hasa au soketi inaundwa hasa. Mfano huu haudai kwamba hoteli na kiini ni kitu kimoja. Unasaidia kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kama njia fulani inapita penye mlinzi, na kama mahali inapoishia pana kufuli.

3.0 Usuli: kulabu zilikuja vipi

Linux haikuzaliwa na makufuli ya ndani. Ilirithi kutoka Unix utaratibu wa mmiliki, kikundi na wengineo, pamoja na mtawala mkuu mmoja asiyezuiwa na chochote. Desemba 2000, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani lilitoa hadharani SELinux, mfumo unaowawekea mipaka hata michakato ya mtawala mkuu. Mwaka uliofuata, watunzaji wa kiini walipoombwa kuupokea, Torvalds alitaka kwanza ujengwe mpango wa jumla utakaoruhusu mifumo mbalimbali ya usalama kuchomekwa. Ndipo ulipozaliwa mpango wa moduli za usalama unaojulikana kwa kifupi kama LSM, ulioingia katika toleo la 2.6 Desemba 2003.

Uamuzi huo ulikuwa na busara yake, kwani haukumfunga mtumiaji kwa nadharia moja ya usalama. Hata hivyo, uliacha deni. Kulabu za LSM hazitokei zenyewe. Kila moja imewekwa kwa mkono katika mstari maalumu wa msimbo, na mtu aliyejua kwamba mstari huo ni wa hatari. Hivyo basi, kipengele kipya kinapofungua njia mpya, njia hiyo haina kulabu mpaka mtu aipandikize. Anayeandika kipengele ndiye anayeijua njia, na anayetunza usalama ndiye anayejua kufuli linalohitajika. Wawili hao wasipokutana, kipengele huzaliwa bila kufuli, bila ya yeyote kati yao kukusudia.

Umuhimu wa makufuli hayo kwa mtumiaji wa kawaida uliongezeka Android ilipoyafanya kuwa sehemu ya lazima. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, SELinux hutekelezwa kikamilifu kwa mfumo mzima. Na tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, programu zote za mtumiaji hupita katika kichujio cha seccomp. Kwa maneno mengine, mpaka baina ya mchezo wa watoto uliopakuliwa jana na ujumbe wa miamala ya pesa ndani ya simu hiyohiyo unashikiliwa, kwa sehemu kubwa, na vidhibiti ambavyo makala haya yanavihakiki.

4.0 Uchambuzi wa matukio

4.1 io_uring: njia isiyopita getini

io_uring iliandikwa na Jens Axboe, mtunzaji wa sehemu ya kiini inayoshughulikia diski, na iliingia katika toleo la 5.1 mwezi Mei 2019. Lengo lake ni kasi. Badala ya programu kuvuka geti kwa kila ombi, programu na kiini hushirikiana foleni mbili za mviringo zilizo katika kumbukumbu ya pamoja: moja ya maombi, nyingine ya majibu. Programu huweka maombi mengi kwenye foleni, na kiini huyatekeleza. Katika namna mojawapo ya kuitumia, kiini chenyewe huichungulia foleni mara kwa mara, na programu haihitaji kuvuka geti hata mara moja kwa ombi.

Kwa upande wa ufanisi, huu ni ubunifu wa kupongezwa. Aidha, kuna kinaya kinachostahili kutajwa: baada ya kasoro za vichakato ziitwazo Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018, kinga zilizowekwa ziliongeza gharama ya kuvuka mpaka wa kiini. Usalama wenyewe ulichangia kuipa mvuto njia inayopunguza kuvuka geti.

Lakini mlinzi wa geti huona kile tu kinachopita getini. Mwezi Machi 2020, katika toleo la 5.6, io_uring ilipewa uwezo wa kufungua faili. Tangu hapo, programu iliyokatazwa na seccomp kufungua faili kwa mwito wa kawaida, lakini ikaachiwa io_uring, iliweza kuomba kazi ileile kupitia foleni. Kufuli la chumba lilikuwa bado lipo, kwa kuwa kulabu ya LSM ya kufungua faili imewekwa ndani zaidi na haijali ombi limetoka wapi. Kilichopotea ni mlinzi wa nje. Na daftari nalo lilipotea: mfumo wa ukaguzi haukuandika shughuli za io_uring mpaka toleo la 5.16 la Januari 2022, yaani miaka miwili na miezi minane baada ya kipengele kuzaliwa.

Toleo hilohilo ndilo lililoleta kulabu za LSM kwa mambo mawili ambayo ni ya io_uring peke yake: ombi kutekelezwa kwa utambulisho mwingine uliosajiliwa awali, na uzi wa kiini unaochungulia foleni. Mambo hayo hayakuwa na kufuli kwa sababu hayakuwa na mfano katika njia za zamani. Hapa ndipo hatari ya pekee ya kipengele kipya inapojidhihirisha. Kinapofanya jambo la zamani kwa njia mpya, makufuli ya zamani huweza kukisaidia. Kinapofanya jambo jipya, hakuna cha kurithi.

Athari za pengo hili hazijaisha. Aprili 2025, watafiti wa kampuni ya ARMO walionyesha programu ya majaribio inayofanya kazi zake kupitia io_uring bila kuonekana na zana kadhaa za ulinzi zilizotegemea kuangalia miito ya mfumo. Zana hizo zilikuwa zimewekwa getini, na hakuna aliyepita hapo.

4.2 Amri za moja kwa moja: chumba kisicho na kufuli

Tukio la pili ni la muda mfupi zaidi, na pengine lenye mafunzo zaidi. Toleo la 5.19, lililotoka tarehe 31 Julai 2022, liliiruhusu io_uring kupeleka amri moja kwa moja kwa kifaa, hususan diski za kisasa za NVMe, bila kiini kuielewa amri hiyo. Katika njia za zamani, jambo linalofanana na hilo hufanywa kwa mwito uitwao ioctl, na ioctl ilikuwa na kulabu yake ya LSM tangu zamani. Njia mpya haikuwa nayo. Kwa lugha ya Kiwengwa, hii haikuwa tena njia ya ufukweni inayoishia kwenye chumba kilichofungwa. Kilikuwa chumba kipya, kinachofunguka kuelekea baharini, bila kufuli.

Wahusika wa usalama, akiwamo Paul Moore, mtunzaji wa SELinux, walilalamika kwamba kipengele kilikuwa kimepokelewa bila ya wao kushauriwa. Kiraka cha kuongeza kulabu kilitumwa na Luis Chamberlain, mmoja wa waliokuwa karibu na kazi yenyewe, na kulabu hiyo iliingia katika toleo la 6.0 lililotoka tarehe 2 Oktoba 2022. Pengo lilikuwa la takribani miezi miwili.

Wepesi huo unastahili sifa, lakini ubora wa kilichopatikana unahitaji kupimwa. Kwa kuwa kiini hakielewi yaliyomo ndani ya amri, kulabu iliyowekwa iliweza kujibu swali moja tu: je, mchakato huu unaruhusiwa kupeleka amri za aina hii kwa kifaa hiki, ndiyo au hapana? Kusoma hali ya diski na kufuta diski nzima vilikaa chini ya ruhusa moja. Ikumbukwe kwamba kwa ioctl, SELinux ilikuwa imekwisha kupata uwezo wa kuchuja amri mojamoja katika toleo la 4.3 la mwaka 2015. Somo hilo lilikuwa limeandikwa miaka saba kabla. Kama watunzaji wa usalama wangekuwapo wakati umbo la amri linabuniwa, wangepata nafasi ya kuuliza kama sehemu ya umbo hilo iwe ya kusomeka na mlinzi. Walipofika, umbo lilikuwa limekwisha kutangazwa.

4.3 Nafasi-jina za watumiaji: ukuta usiojengeka

Tukio la tatu ndilo refu kuliko yote. Tangu toleo la 3.8 la Februari 2013, mtumiaji wa kawaida anaweza kujiundia nafasi-jina ambamo yeye ndiye mtawala mkuu. Nje ya nafasi hiyo yeye ni mtu wa kawaida. Ndani yake anaweza kupanga mtandao, kupachika baadhi ya mifumo ya faili na mengineyo. Kipengele hiki kina manufaa ya kweli hata kwa usalama, kwani vivinjari vya intaneti hukitumia kuzizungushia uzio kurasa zisizoaminika. Lakini pia kilimfungulia mtumiaji wa kawaida sehemu za msimbo ambazo kwa miaka mingi ziliandikwa kwa dhana kwamba ni mtawala mkuu peke yake atakayezifikia.

Kulabu ya LSM ya kudhibiti uundaji wa nafasi-jina za watumiaji iliingia katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, karibu miaka kumi baadaye, na haikuingia kwa amani. Eric Biederman, mtunzaji wa sehemu hiyo, aliipinga. Hoja yake kuu haikuwa ya kupuuza usalama: programu nyingi zilikuwa zimezoea kwamba ombi hili hukubaliwa, na kulikataa kungezivunja kwa namna zisizotarajiwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Ubuntu 24.04 ilipoanza, mwaka 2024, kuzuia uwezo huo kwa kutumia AppArmor kama hali ya kawaida, programu kadhaa zilizoutegemea zilishindwa kufanya kazi ipasavyo mpaka ziandikiwe kanuni zake.

Hapa inaonekana kanuni maarufu ya Torvalds, kwamba badiliko la kiini lisivunje programu za watumiaji, ikigongana na haja ya kufunga mlango. Kanuni hiyo ni nzuri, nayo ni mojawapo ya sababu za Linux kuaminiwa. Lakini matokeo yake kwa usalama ni kwamba kila siku ambayo mlango unabaki wazi huuongezea mlango huo haki ya kubaki wazi. Kinachozuia ukuta kujengwa ni wapitaji wenye haki, wala si gharama ya mawe.

5.0 Kufananisha matukio

Matukio haya yakipangwa kwa urefu wa ucheleweshaji, sura moja inajitokeza. Kwa amri za moja kwa moja, udhibiti ulichelewa miezi miwili. Uliingia bila ya kuvunja chochote kikubwa, ila ulikuwa wa jumla mno. Kwa io_uring yenyewe, ukaguzi ulichelewa karibu miaka mitatu. Daftari lilipatikana, lakini upofu wa mlinzi wa geti haukutibiwa, na tiba iliyotumiwa na wengi ni kuifunga njia yote. Kwa nafasi-jina, udhibiti ulichelewa karibu muongo mmoja. Ulipingwa, na ulipotumiwa uliumiza programu halali. Matukio matatu hayatoshi kutunga sheria, na kila moja lina mazingira yake. Yanatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba muda hubadilisha aina ya udhibiti unaowezekana, mbali na gharama yake.

Takwimu moja huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Juni 2023, Google ilitangaza kwamba asilimia 60 ya mawasilisho katika mpango wake wa kuwazawadia wanaovunja kiini cha Linux yalitumia io_uring, na kwamba ilikuwa imelipa takribani dola milioni 1 za Marekani kwa kasoro za kipengele hicho. Baadhi ya wasomaji huchukua takwimu hii kama uthibitisho wa hoja ya kulabu. Sivyo. Kasoro hizo kwa kiasi kikubwa ni makosa ya usimamizi wa kumbukumbu, na kulabu ya LSM haizuii kosa la kumbukumbu. Kinachothibitishwa ni jambo la karibu yake: kipengele kikubwa kipya huleta makosa mengi, na kama hakuna kidhibiti cha kuamua nani akifikie, makosa hayo humfikia kila mtu. Kidhibiti kingepunguza idadi ya wanaoweza kuyafikia.

6.0 Hoja za upande wa pili

Uhakiki wa haki hauna budi kuzisikiliza hoja za wabunifu. Hoja ya kwanza ni kwamba usalama ukipewa kura ya turufu, hakuna kipya kitakachozaliwa. Hoja hii ina ukweli, kwa kuwa daima kuna hatari inayoweza kufikirika. Hata hivyo, historia ya io_uring inaigeuza. Google iliizima io_uring katika ChromeOS, ikaizuia kwa programu za Android kwa kutumia kichujio, na ikaiondoa katika seva zake. Baadaye, toleo la 6.6 la Oktoba 2023 liliwapa wasimamizi wote swichi ya kuizima kabisa. Kipengele kilichoachiwa mlango wazi kwa ajili ya kasi kiliishia kufungiwa nje ya mashine nyingi ambazo kilitengenezwa kuziharakisha. Udhibiti wa mapema ungekuwa rafiki wa kipengele.

Hoja ya pili ni kwamba wabunifu hawazijui LSM, na kwamba wataalamu wa usalama nao ni wachache, wanachelewa kusoma viraka vya wengine, kisha hulalamika baada ya kazi kupokelewa. Hoja hii ni nzito zaidi. Mlinzi asiyekwenda ufukweni hana haki ya kushangaa kwamba kuna watu ufukweni. Ila utatuzi wake ni wa kitaasisi: kiraka kinachofungua njia mpya kisipokelewe mpaka kiwafikie wahusika wa usalama, nao wapewe muda unaojulikana wa kujibu. Wasipojibu katika muda huo, lawama ziwe zao.

Hoja ya tatu ni kwamba kulabu ya jumla, isiyoielewa amri, ni mapambo tu. Si kweli kabisa. Kufuli moja la jengo zima ni dhaifu kuliko makufuli ya vyumba, lakini linampa msimamizi uwezo wa kusema hapana. Bila kulabu hata ya jumla, uwezo huo haupo.

7.0 Kurejea Kiwengwa: nani anayelipa

Mfano wa Kiwengwa ulitumika kufafanua kiini. Sasa kiini kinaurudishia mfano huo swali. Hoteli ikijengwa kwa kuitazama barabara tu, kisha baada ya miaka kadhaa ikaona haja ya kuulinda upande wa bahari, itafanya nini? Ikifunga kamba ufukweni, itawazuia wanawake wanaokwenda kwenye mwani, ambao njia hiyo ni yao na ilikuwapo kabla ya hoteli. Ikiiacha kamba iwe ya kuonekana tu, haitamzuia aliyekusudia mabaya. Kama mchoraji wa jengo angeenda ufukweni mara mbili, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, angeweza kuitenga njia ya watu na mlango wa wageni tangu mwanzo, bila ya yeyote kunyimwa chake. Aliyechelewa kufikiri ni mwenye jengo, na gharama inamwangukia mpita njia.

Ndivyo ilivyo katika kiini. Ucheleweshaji hutokea kwa watunzaji, lakini huteremka hatua kwa hatua: kutoka toleo kuu hadi matoleo ya matengenezo, kutoka hapo hadi Android, kisha kwa mtengenezaji wa kichakato, kisha kwa mtengenezaji wa simu, na mwisho kwa mtumiaji ambaye lazima awe na bando la kutosha kupakua masasisho, kama simu yake bado inapewa masasisho. Simu ya bei nafuu aghalabu hubaki na mfululizo wa kiini iliozaliwa nao mpaka mwisho wa maisha yake. Pesa za mkulima wa mwani hazikai ndani ya simu; zimo katika daftari la kampuni ya simu. Lakini namba ya siri huandikwa kwenye simu hiyo, na ujumbe wa uthibitisho husomwa hapohapo. Mtu huyu hakushirikishwa kipengele kilipopokelewa, hanufaiki na kasi yake, na yumo miongoni mwa wa mwisho kufikiwa na kiraka.

8.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba udhibiti wa usalama na kipengele kipya si kazi mbili zinazofuatana, bali ni sehemu mbili za usanifu mmoja. Kwa kuzingatia matukio yaliyochambuliwa, inapendekezwa kwamba kila kipengele kinachoongezwa kwenye kiini kijibu maswali matano kabla ya kupokelewa. Kwanza, kinafikia nini ambacho hapo awali kilifikiwa kwa njia nyingine, na je, kulabu za njia hiyo zinakutana na njia mpya? Pili, kinafanya nini ambacho hakikuwahi kufanyika, na kufuli lake liko wapi? Tatu, kazi inatekelezwa kwa utambulisho wa nani? Nne, inaandikwa katika daftari gani? Tano, msimamizi anawezaje kukikataa kwa baadhi ya watumiaji bila kukizima kwa wote?

Maswali hayo hayahitaji teknolojia mpya, na mengi hujibika kwa aya moja. Io_uring ya mwaka 2019 ilikuwa na majibu ya baadhi yake na haikuwa na majibu ya mengine. Yaliyokosekana ndiyo yaliyokuja kuonekana mwaka 2022, 2023 na 2025. Utafiti zaidi unaweza kupima matoleo ya kiini yaliyomo katika simu zinazotumika Unguja, ili kujua kiraka huchukua muda gani kutoka kwa mtunzaji hadi ufukweni Kiwengwa. Kabla ya hapo, wajibu wa anayefungua mlango unabaki wazi: aufikirie pamoja na kufuli lake, wakati bado hakuna aliyeuzoea.